Sikio Liende kwenye Kitenzi: Namna ya Kupima Kiitaliano Kilichoiva

Ukitaka kujua kama Kiitaliano cha mtu kimeiva, usimpime kwa salamu. Salamu hukaririwa na kila mtu. Usimpime kwa r yake inavyotetema, wala kwa mikono inavyocheza anapoongea. Hayo nayo huigwa upesi. Msubiri afike kwenye kitenzi. Kitenzi cha Kiitaliano hubadilika kwa kila nafsi na kila wakati, na kila umbo lina mahali pake pa kuweka mkazo, mahali pa kufunga silabi, na muda ambao konsonanti inapaswa kushikwa kabla ya kuachiwa. Mtu anaweza kuwa na msamiati wa kujaza kamusi na bado vitenzi vyake vikawa vibichi. Yupo pia mwenye maneno machache tu, lakini kila kitenzi anakitoa kikiwa kamili. Huyo wa pili ndiye ningemchagua anifundishie mtoto.

Chukua herufi saba tu: p-e-r-d-o-n-o. Ukizitamka PER-do-no umesema "wanapoteza", kutoka kitenzi perdere. Ukizitamka per-DO-no umesema "nasamehe", kutoka perdonare. Ukiupeleka mkazo mwisho kabisa, per-do-NÒ, umesema "alisamehe". Herufi ni zilezile, nafsi ni tatu, nyakati ni mbili, na kinachozitenga ni mahali sauti inapoegemea. Capitano nalo ni vivyo hivyo: CA-pi-ta-no ni "yanatokea", ca-pi-TA-no ni nahodha, ca-pi-ta-NÒ ni "aliongoza". Maandishi yanamsaidia msomaji katika umbo la mwisho tu, kwa alama iliyo juu ya o, kwa sababu tahajia ya Kiitaliano hailazimishi alama ya mkazo ila pale mkazo unapoangukia silabi ya mwisho, pamoja na maneno machache ya silabi moja. Kwingine kote msomaji yuko peke yake. Ndiyo maana katika makala haya nitaandika silabi yenye mkazo kwa herufi kubwa, jambo ambalo hutalikuta katika kitabu cha kawaida cha Kiitaliano.

Sisi tuliolelewa na Kiswahili tuna sheria moja ya mkazo: silabi ya pili kutoka mwisho. Tunasema PI-ka, kisha pi-KI-a, kisha pi-ki-A-na. Neno linaporefuka, mkazo unahama nalo. Sheria hii imetukaa kinywani kiasi kwamba hatuisikii tena, na tunaibeba hadi kwenye lugha za watu bila kujua. Kiitaliano kina maneno mengi yenye mkazo palepale kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, na hilo ndilo linalotudanganya. Mwanafunzi wetu anapatia kwa miezi kadhaa, anajiona amefika, kumbe bado hajakutana na maumbo yanayomkataa.

Kwa hiyo kipimo changu cha kwanza, na ninachokiamini kuliko vyote, ni nafsi ya tatu wingi ya wakati uliopo. Msikilize mtu akipitia kitenzi parlare: PAR-lo, PAR-li, PAR-la, par-LIA-mo, par-LA-te, PAR-la-no. Mkazo umekaa kwenye mzizi kwa nafsi zote za umoja, umeshuka kwenye kiambishi kwa "sisi" na "ninyi", kisha umerudi kwenye mzizi kwa "wao". Kurudi huko ndiko kunakowashinda wengi. Mtu akitoka par-LA-te, mdomo umeshaizoea LA, naye anaendelea na par-LA-no. Mwitaliano atamwelewa, lakini ameshajua.

Usiishie parlare, maana ni kitenzi ambacho kila mwalimu huanza nacho na wengi wameshakikariri. Mpeleke kwenye abitare, "kuishi mahali". Umoja wake ni A-bi-to, A-bi-ti, A-bi-ta. Wingi wa tatu ni A-bi-ta-no, na mkazo sasa uko silabi ya nne kutoka mwisho. Vivyo hivyo te-LE-fo-na-no, im-MA-gi-na-no, de-SI-de-ra-no, di-MEN-ti-ca-no. Waitaliano wana majina ya aina hizi: neno lenye mkazo mwisho ni tronca, lenye mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho ni piana, ya tatu ni sdrucciola, ya nne ni bisdrucciola. Nomino za bisdrucciola ni nadra mno. Aina hii ni mali ya vitenzi hasa, na hapo ndipo fundi hujitenga na mwanafunzi.

Sikiliza pia namna mkia wa neno unavyoshuka. Bisdrucciola nzuri inaweka mkazo, kisha silabi tatu zinafuata kwa mwendo mmoja, nyepesi, kila irabu ikiwa safi. Mbaya ina mikazo miwili. Msemaji amefundishwa mkazo wa kwanza na anaukumbuka, lakini mazoea yake hayamruhusu kuuacha mwisho wa neno bila egemeo, kwa hiyo anasema A-bi-TA-no. Huyu yuko karibu sana. Usimhukumu pamoja na yule wa a-bi-TA-no. Upande wa usafi wa irabu, msemaji wa Kiswahili ana mtaji mkubwa. Mwingereza au Mmarekani huzimeza irabu zisizo na mkazo mpaka zote zikafanana. Sisi hatujazoea kumeza irabu, na A-bi-ta-no ya Mswahili aliyeshinda tatizo la mkazo huwa tamu kuliko ya wageni wengi wa Ulaya.

Sheria yetu ya kuhamisha mkazo hutuponza tena pale viwakilishi vinapogandishwa nyuma ya kitenzi. Katika Kiitaliano viwakilishi hivyo havina nguvu ya kuvuta mkazo. SCU-sa ni "samehe", SCU-sa-mi ni "nisamehe", na mkazo haujasogea. DIM-me-lo, "niambie hilo". An-DIA-mo-ce-ne, "twendeni zetu". Wanasarufi hupenda kutoa mfano wa FAB-bri-ca-me-lo, "nitengenezee hicho", wenye mkazo silabi ya tano kutoka mwisho. Ni neno la vitabuni zaidi kuliko la mtaani, ila linaonyesha jambo lenyewe wazi. Kwa kupima mtu mimi hupendelea jozi hii: ri-COR-da-te-lo ni "kumbuka hilo" kwa mtu mmoja unayemzoea, ri-cor-DA-te-lo ni "kumbukeni hilo" kwa watu wengi. Anayezitofautisha papo hapo, bila kusita, amejifunza kwa sikio na kwa akili pamoja.

Kuna vitenzi vya -ere, ambavyo ni familia mbili zilizovaa nguo moja. Ve-DE-re, a-VE-re, vo-LE-re, po-TE-re, do-VE-re vina mkazo kwenye kiambishi. LEG-ge-re, SCRI-ve-re, PREN-de-re, VI-ve-re, COR-re-re vina mkazo kwenye mzizi. Kwenye karatasi huwezi kuzitenga. Chanzo chake ni Kilatini, kilichokuwa na makundi mawili tofauti, lakini hata anayejua Kilatini asijiamini kupita kiasi, kwa kuwa vitenzi vingine vilihama njiani: sapere na cadere vilikuwa na mkazo kwenye mzizi huko Roma ya kale, leo ni sa-PE-re na ca-DE-re, wakati ridere, "kucheka", kimesafiri upande wa pili na kuwa RI-de-re. Hapa hakuna kanuni ya kumwokoa mtu. Ni kuvijua kimoja kimoja. Mtu akisema le-GE-re, amefanya makosa mawili kwa neno moja: mkazo umepotea njia, na g moja imeanguka.

Kuanguka kwa konsonanti ndicho kipimo cha pili, na hapa nitakaa zaidi, kwa sababu ndipo penye kazi kubwa kwa watu wetu. Kiitaliano kinatofautisha konsonanti fupi na konsonanti maradufu, na katika vitenzi tofauti hiyo hubeba wakati na maana. CA-de ni "anaanguka". CAD-de ni "alianguka". BE-ve ni "anakunywa". BEV-ve ni "alikunywa". Sa-RE-mo ni "tutakuwa". Sa-REM-mo ni "tungekuwa". Ve-NI-re, "kuja", kinatoa ver-RE-mo, "tutakuja", na ver-REM-mo, "tungekuja". Fikiria kiongozi wa watalii anayewaahidi wageni muda wa kuondoka kesho: m moja inawapa ahadi, mbili zinawaachia shaka, nao watakaa wakisubiri "ila" ambayo haiji.

Maradufu hutengenezwaje? Mpaka wa silabi unapita katikati ya konsonanti. Katika CAD-de, ulimi unagusa nyuma ya meno na kufunga silabi ya kwanza, hewa inazuiliwa kwa muda, kisha inaachiliwa kuifungua silabi ya pili. Ulimi unagusa mara moja tu. Na jambo ambalo wasikilizaji wengi hawalijui ni kwamba irabu iliyotangulia nayo inabadilika: katika CA-de, a ni ndefu kwa sababu silabi iko wazi na ina mkazo, katika CAD-de, a ni fupi kwa sababu silabi imefungwa. Muda unaochukuliwa na konsonanti umetolewa kwa irabu. Kwa hiyo sikio lako lisisikilize d peke yake. Sikiliza a. Msemaji akirefusha vyote viwili, utasikia neno limevimba. Akifupisha vyote viwili, limekauka. Aliyeiva hulipa upande mmoja kwa kukata upande wa pili, na neno zima linabaki na urefu ule ule.

Msomaji aliyepitia madrasa anaijua shadda, ile ya kusomea Kurani, si ile ya vitabu vya isimu ambayo kwetu imekuwa jina la mkazo. Herufi yenye shadda husomwa kama mbili: ya kwanza ina sukuni na inafunga silabi, ya pili ina irabu na inafungua silabi inayofuata. Hakuna mwalimu wa tajwidi atakayekubali "inna" isomwe "ina". Mfundishe mtu wa namna hiyo kuleta shadda yake kwenye CAD-de na BEV-ve, naye atafika siku hiyo hiyo. Kinachomzuia ni kwamba Kiswahili chenyewe, kilipoyapokea maneno ya Kiarabu, kilizipunguza shadda zake: sitta ikawa sita, hammam ikawa hamamu. Kwa hiyo uwezo tunao, ila mazoea ya maongezi ya kila siku yanauficha.

Makosa ya maradufu yana sura tatu, na mpimaji mzuri huzitaja kwa majina yake badala ya kusema tu "matamshi mabovu". Ya kwanza ni kuifuta: par-LA-mo badala ya par-LAM-mo, "tulizungumza". Ya pili ni kuubadilisha muda kuwa nguvu. Msemaji anapasua d ya CAD-de kama anayegombana, lakini hakuizuia hata kidogo. Ya tatu ni ya kwetu hasa. Kiswahili kina m inayosimama peke yake kama silabi, kama katika mmea, ambalo ni m-me-a. Mtu akiipeleka m hiyo kwenye Kiitaliano atasema par-la-m-mo, silabi nne. Kiitaliano hakina silabi isiyo na irabu. Par-LAM-mo ni silabi tatu, na m ya kwanza imeegemea a. Ukilisikia kosa hili, usimwambie mtu apunguze m. Mwambie aifunge silabi ya katikati.

Zipo pia sauti ambazo huandikwa kana kwamba ni fupi lakini katika matamshi sanifu huwa ndefu zikiwa kati ya irabu mbili. Gn ya SO-gno, "naota", ni kama ny yetu lakini imeshikwa zaidi. Sc ya ca-PI-sce, "anaelewa", ni sh iliyoshikwa. Z ya rin-GRA-zio, "nashukuru", vilevile. Gli ya VO-glio, "nataka", haina mfano kwetu kabisa: sehemu pana ya ulimi inapanda kugusa kaakaa huku hewa ikitokea pembeni. Mtu akisema volio, mvumilie. Akisema vogilio, arudi mwanzo.

Hapa pana jambo ambalo vitabu vya shule na sikio havikubaliani. Shuleni Italia mtoto hufundishwa kukata ca-pi-sco, co-no-sco, na s kwenda na silabi inayofuata, na ndivyo neno linavyokatwa mwisho wa mstari. Wanafonetiki husikia vingine: wao huiweka s pamoja na i iliyotangulia, ca-PIS-co. Ushahidi wao ni ule ule wa urefu. I ya ca-PI-sco ingekuwa ndefu kama silabi ingekuwa wazi, nayo si ndefu. Ni fupi kama irabu ya silabi iliyofungwa. Mimi nawafuata wanafonetiki ninaposikiliza na nawafuata walimu wa shule ninapoandika, na mpimaji yeyote anapaswa kujua yuko upande gani kabla ya kumsahihisha mtu.

Tukirudi kwenye nasali, kuna kosa dogo la kupendeza kulitega. Kiswahili hukata silabi kabla ya ng, nd, mb na nj: m-go-ngo, ka-nda, nyu-mba. Kiitaliano hukata katikati: VEN-go, "nakuja", VEN-go-no, "wanakuja", PREN-do, "nachukua". N inafunga silabi ya kwanza. Tofauti ni ndogo, lakini ikijirudia kwenye kila sentensi ndiyo inayofanya Kiitaliano cha mtu kisikike kama Kiswahili kilichobadilishwa maneno.

Kipimo cha tatu ni i. Kwetu kila irabu ni silabi, na mshairi wa Kiswahili anazihesabu zote katika mizani: chu-i ni mizani mbili, na mshororo wa kawaida una vipande viwili vya mizani nane nane. Kiitaliano kina i za namna tatu, na kitenzi kinakulazimisha uzijue zote. Kuna i ambayo si sauti kabisa, ila ni alama ya kulainisha c au g. Mangiano, "wanakula", ni MAN-gia-no, silabi tatu. Msomaji wa Kiswahili atasikia neno linalokaribiana mno na manjano, lakini sisi tunasema ma-NJA-no na wao wanasema MAN-gia-no. Mpaka wa silabi na mkazo vyote vimehama. Anayesema man-gi-a-no ameitoa i iliyokuwa imenyamaza. Uthibitisho kwamba haikuwa irabu ni wakati ujao: man-ge-RÒ, bila i, kwa sababu e inatosha kuilainisha g.

Kuna i ambayo ni kiyeyusho, iliyoshikana na irabu inayofuata kwa pumzi moja, kama katika par-LIA-mo na STU-dia-no, "wanasoma". Na kuna i iliyo irabu kamili yenye mkazo wake: in-VI-a-no, "wanatuma", silabi nne. Studiare na inviare vinafanana machoni kama mapacha. Maandishi hukunong'oneza tofauti katika nafsi ya pili tu: tu studi ina i moja, tu invii ina mbili, kwa kuwa i ya mzizi iko hai na haikubali kumezwa. Vivyo hivyo scii, "unateleza kwenye theluji", na spii, "unapeleleza". Mpe mtu STU-dia-no na in-VI-a-no katika sentensi moja, umsikilize. Hii ni njia ya haraka sana.

Malenga wetu akitaka kulizoesha sikio, amchukue Dante. Commedia ina mistari 14,233, na mstari wake una mizani kumi na moja, lakini Waitaliano huhesabu kwa namna ya kwao: kinachoamua ni mkazo wa lazima kwenye silabi ya kumi. Mstari ukiishia kwa neno la tronca unabaki na silabi kumi, ukiishia kwa piana unakuwa na kumi na moja, ukiishia kwa sdrucciola unafika kumi na mbili, na yote mitatu ni halali. Tena irabu ya mwisho ya neno moja huungana na irabu ya mwanzo wa neno linalofuata kuwa mizani moja. Kwa anayehesabu kwa desturi ya utenzi, mistari hiyo itaonekana mirefu kupita kipimo. Aisome kwa sauti, polepole, kidole kikigonga meza kwenye kila silabi, mpaka hesabu itoke sawa; vitenzi vyake vitakuwa vimejipanga vyenyewe.

Waimbaji wa opera nao ni walimu wazuri, maana kila silabi hupewa noti yake na hakuna pa kujificha. Aria maarufu ya tenori katika Turandot ya Puccini, iliyoimbwa kwa mara ya kwanza La Scala ya Milano mwaka 1926 na ambayo Luciano Pavarotti aliieneza duniani mwaka 1990, inamalizika kwa kitenzi cha wakati ujao chenye mkazo kwenye silabi ya mwisho. Sikiliza waimbaji kadhaa wakipita kwenye konsonanti maradufu. Aliyefundishwa vizuri hukata irabu kabla ya noti kwisha ili konsonanti ipate nafasi yake ndani ya noti hiyo hiyo. Asiyefundishwa huinyoosha irabu hadi mwisho, kisha hubaki hana muda.

Kuhusu e na o zilizo wazi na zilizofungwa nitapita haraka. Kwa wanaofuata msingi wa Firenze, legge yenye e iliyo wazi ni "anasoma" na yenye e iliyofungwa ni "sheria". Corresse yenye e wazi ni "alisahihisha", yenye e iliyofungwa inatoka correre, "kukimbia". Kamusi ya matamshi ya Migliorini, Tagliavini na Fiorelli, iliyotolewa na shirika la utangazaji la Italia, RAI, mwaka 1969, imeandika yote hayo kwa makini. Lakini Waitaliano wenyewe hutofautiana sana kutoka mji hadi mji, na mwenye Kiswahili amezaliwa na irabu tano wakati silabi yenye mkazo ya Kiitaliano ina saba. Anayezipata, apongezwe. Anayezikosa, asinyimwe kitu.

Kanuni hiyo hiyo ya haki inahusu rangi za mikoa. Watu wa Veneto na sehemu kubwa ya kaskazini hufupisha maradufu. Roma hufupisha rr na kurefusha b na g za katikati ya neno. Toscana na kusini hurefusha hata konsonanti ya mwanzo wa neno linalofuata kitenzi kama è, ho au fa, na vitenzi vya mkazo mwisho kama parlò: ho detto inasikika kama oddetto, è vero kama evvero. Tahajia imeuhifadhi urefushaji huu katika DIM-mi, "niambie", DAM-mi, "nipe", na FAM-mi, "nifanyie". Mpimaji asiyejua haya atamwadhibu mtu kwa kosa ambalo si lake. Kinachotafutwa ni msimamo. Anayefupisha maradufu zote kama mtu wa Venezia na kutamka mengine yote kama mtu wa Venezia, ana lafudhi. Anayefupisha moja, akarefusha inayofuata, na kesho akageuza, bado anakisia.

Suala hili linatugusa hasa pwani ya Kenya. Waitaliano walijikita Malindi wakati wa mradi wa anga wa San Marco chini ya Luigi Broglio. Mwaka 1967 setilaiti ya San Marco 2 ilirushwa kutoka jukwaa la baharini karibu na Ngomeni, na tarehe 12 Desemba 1970 ikarushwa iliyopewa jina Uhuru. Hoteli na mikahawa ya Malindi na Watamu imelea wasemaji wengi waliojifunza kwa sikio tupu. Hao, nimeona, huwa na PAR-la-no safi kuliko wahitimu wa madarasa, kwa kuwa hawakuwahi kuliona neno likiwa karatasini likiwadanganya. Upungufu wao huwa kwenye nyakati: wakati uliopo na kitenzi-jina vinafanya kazi zote. Wa darasani ana nyakati zote na mikazo ya kubahatisha. Ukiwa unaajiri au unatafuta mwalimu, usidhani cheti kimekujibu swali hili, wala usidhani ufasaha wa ufukweni umelijibu.

Mtihani wa mwisho nauweka kwenye wakati uliopita wa mbali, umbo ambalo kaskazini hawalitumii sana katika mazungumzo lakini limejaa vitabuni na bado li hai kusini na Toscana. Mpe mtu ukurasa wa hadithi asome kwa sauti, kisha umwombe apitie kitenzi scrivere: SCRIS-si, scri-VE-sti, SCRIS-se, scri-VEM-mo, scri-VE-ste, SCRIS-se-ro. Mkazo unaruka kutoka mzizi hadi kiambishi na kurudi, maradufu zinakuja na kuondoka, na umbo la "wao" linaishia kwenye sdrucciola. Akipita hapo mpe leggere, kilicho kigumu zaidi: LES-si, leg-GE-sti, LES-se, leg-GEM-mo, leg-GE-ste, LES-se-ro. Gg inapotoka ss inaingia, na katika leg-GEM-mo kuna maradufu mbili ndani ya silabi tatu, ya kwanza mbele ya mkazo na ya pili nyuma yake. Sikiliza ile ya kwanza. Karibu kila mtu huikumbuka mm kwa kuwa imefuata silabi yenye mkazo, akaiacha gg ipungue kwa kuwa sauti bado haijapanda. Anayezishika zote mbili kwa muda ulio sawa, mkabidhi darasa.